Uvimbe wa Neva ya Mgongo: Mkazi wa Werugha Alipie Nini, Alipie Wapi

Mkazi wa Werugha akiambiwa ana uvimbe kwenye mzizi wa neva ya uti wa mgongo, jamaa hukutana, na maswali mawili hutangulia mengine yote: ni pesa ngapi, na je, itabidi apelekwe India? Ni maswali ya haki. Tatizo ni kwamba huulizwa wakati pesa nyingi zimeshaondoka. Zimekwenda kwa sindano za maumivu, kwa eksirei ambazo haziwezi kuonyesha uvimbe wa aina hii, kwa dawa za kuchua, na kwa nauli ya kushuka na kupanda kona za Mwatate hadi Wundanyi. Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzii kwenye chumba cha upasuaji. Unaanzia pale shilingi ya kwanza inapotoka mfukoni, na unafuata mgonjwa mpaka siku anaporudi shambani.

Tuujue ugonjwa kwanza, maana bei hutegemea ni uvimbe gani na umekaa wapi. Kutoka kwenye uti wa mgongo hutoka jozi za mizizi ya neva, mmoja kulia na mmoja kushoto, ngazi kwa ngazi kuanzia shingoni hadi kiunoni. Mizizi hiyo imevikwa ala ya seli zinazoitwa seli za Schwann. Seli hizo zikianza kuzaana bila mpango hutokea uvimbe uitwao shwanoma. Kwa makadirio ya kitabibu duniani humpata chini ya mtu mmoja katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671 katika Kaunti ya Taita Taveta. Maana yake ni kwamba kaunti nzima inaweza kupata mgonjwa mmoja au wawili wa namna hii kwa mwaka, au mwaka ukapita bila hata mmoja. Afisa wa kliniki katika kituo cha afya anaweza kufanya kazi hadi kustaafu asikutane nao. Asilaumiwe kwa kuanza na dawa za maumivu, ila mgonjwa ana haki ya kuuliza ni lini dawa hizo zitahesabiwa kuwa zimeshindwa.

Habari njema ni kwamba shwanoma kwa kawaida si saratani. Hukua polepole, mara nyingi kwa watu wa kati ya miaka 30 na 60, na ukitolewa wote ni nadra kurudi. Una ndugu yake uitwao nyurofibroma, ambao wakati mwingine huambatana na ugonjwa wa kurithi wenye madoa ya kahawia na vinundu vya ngozi. Kama mgonjwa ana vivimbe vingi, au kwao kuna watu wenye vinundu kama hivyo, daktari aambiwe mapema, kwa sababu mpango wa matibabu hubadilika.

Dalili moja ingeokoa pesa nyingi kama ingejulikana zaidi. Maumivu ya mgongo ya mtu aliyelima siku nzima kwenye matuta hupungua akilala. Maumivu ya uvimbe huu mara nyingi huzidi akilala, humwamsha usiku, na humlazimu kuketi kitini au kutembeatembea ndani ya nyumba mpaka alfajiri. Hushuka mguu mmoja, au mkono mmoja, au huzunguka ubavuni kama mkanda. Baadaye hufuata ganzi, kisha udhaifu. Mtu mwenye maumivu ya namna hiyo kwa wiki sita, yasiyosikia dawa, asinunue mkebe mwingine wa dawa ya kuchua. Aombe barua ya rufaa.

Barua hiyo huanzia kituo cha afya cha Werugha au hospitali ya Wesu, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi pale Voi. Wengine huruka ngazi hizi kwa kuona zinachelewesha, wakaenda moja kwa moja kwa daktari wa binafsi mjini. Nawaelewa, lakini hesabu iko upande wa barua. Bima ya afya ya serikali, SHA, huenda kwa ngazi, na hospitali kubwa humuuliza mgonjwa ametoka wapi na ametumwa na nani. Barua ikiandikwa vizuri, ikitaja udhaifu wa mguu, mahali ganzi ilipo na kama mkojo una shida, humsogeza mgonjwa mbele kwenye foleni.

Gharama ya kwanza kubwa ni skeni ya MRI. Eksirei huonyesha mifupa, na skeni ya CT huonyesha mifupa kwa undani zaidi, lakini neva na uvimbe wake huonekana sawasawa kwenye MRI. Kwa mtu wa Werugha hiyo kwa kawaida ni safari ya Mombasa. Katika vituo vya binafsi, MRI ya sehemu moja ya mgongo mara nyingi huwa kati ya Sh15,000 na Sh30,000, na dawa ya gadolini inayodungwa mshipani ili uvimbe ung'ae huongeza maelfu kadhaa. Hapa ndipo watu hujaribu kubana matumizi, na hapa ndipo wanapopoteza.

Kosa la kawaida ni kupiga picha ya kiuno peke yake kwa kuwa mguu ndio unaouma. Uvimbe uliokaa kifuani au shingoni unaweza kukandamiza uzi mkuu wa neva na kuilegeza miguu, wakati kiuno hakina neno. Picha ya kiuno itarudi safi, mgonjwa ataambiwa ni misuli, na mwaka utapita. Kosa la pili ni kukataa gadolini ili kuokoa maelfu hayo, halafu daktari wa upasuaji akaitaka na skeni yote ikarudiwa. Kabla ya kulipa, mwombe daktari anayekutuma aandike kwenye fomu ni sehemu gani ya mgongo na kama dawa inahitajika. Ukimaliza, ondoka na picha zenyewe kwenye CD pamoja na ripoti. Ripoti ni maoni ya mtu mmoja, lakini picha zinaweza kusomwa na daktari wa pili na wa tatu bila wewe kulipa tena.

Skeni ikishathibitisha uvimbe, watu wengi hudhani njia ni moja tu. Zipo tatu.

Njia ya kwanza ni kungoja kwa kuchunga. Uvimbe mdogo uliogunduliwa kwa bahati, kwa mtu asiye na udhaifu wala maumivu makali, unaweza kuachwa na kupigwa picha tena baada ya miezi sita au mwaka. Gharama yake ni MRI moja na nauli. Naipendekeza kwa moyo wote kwa mgonjwa anayefaa, kwa sababu upasuaji wa mgongo si jambo la kukimbilia kwa ajili ya kitu kisichokusumbua. Haifai kamwe kwa mtu ambaye mguu wake unalegea. Kwa huyo, kungoja ndiyo njia ghali kuliko zote: neva iliyokandamizwa kwa muda mrefu inaweza isirudi hata uvimbe ukitolewa kwa ustadi.

Njia ya pili ni mionzi inayolengwa. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ile ya rufaa na utafiti iliyoanza kazi mwaka 2019 nje kidogo ya Nairobi, ina mashine ya CyberKnife inayoweza kulenga uvimbe mdogo ulio karibu na neva. Ni msaada mkubwa kwa mtu ambaye moyo au mapafu yake hayawezi kustahimili nusukaputi, au ambaye uvimbe wake umerudi. Ina mipaka miwili. Haiondoi uvimbe, huuzuia tu usikue, kwa hiyo haifai pale uzi mkuu wa neva unapohitaji nafasi upesi. Pia haitoi kipande cha nyama cha kupelekwa maabara, kwa hiyo hutapata uthibitisho wa aina ya uvimbe. Anayekuuzia mionzi kama njia ya kukwepa kisu, mkumbushe mambo hayo mawili usikie atajibu nini.

Njia ya tatu ni upasuaji, na kwa mgonjwa mwenye dalili ndiyo tiba yenyewe. Daktari hukata nyuma ya mgongo, hutoa sehemu ya mfupa wa pingili inayofunika mfereji wa neva, hufungua utando mgumu uliozunguka neva na, akitazama kwa hadubini, hutenga uvimbe na nyuzi zilizo hai. Mara nyingi uvimbe umeota kwenye uzi mmoja mwembamba wa mzizi wa hisia, na kuukata uzi huo hakumwachii mgonjwa zaidi ya kiraka cha ganzi. Kisha utando hushonwa usivujishe maji ya mgongo. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na kama hakuna tatizo mgonjwa hukaa wodini kwa siku chache hadi wiki moja.

Wasiwasi wa wazee kwamba mgongo ukiguswa na kisu mtu hupooza una msingi wake, kwa kuwa hatari ipo na daktari mkweli ataisema kabla hujatia sahihi. Lakini upasuaji huu si jaribio. Victor Horsley alitoa uvimbe ndani ya mfereji wa mgongo London mwaka 1887, na mgonjwa wake akatembea tena. Hapa Kenya, mwaka 2000, Profesa Nimrod Mwang'ombe na mwenzake waliandika katika East African Medical Journal kuhusu wagonjwa wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ambao uti wao ulikandamizwa na uvimbe. Wanaosema kwamba lazima kuvuka bahari wamechelewa robo karne.

Sasa tuje kwenye hospitali, na hapa sitazipa nafasi sawa kwa sababu hazilingani kwa mtu wa Taita.

Ya karibu kwa rufaa ni Coast General, Mombasa. Kutoka Voi ni mwendo wa kilomita kama 150, na jamaa wengi wa Taita wana ndugu mjini wa kuwapa malazi, jambo ambalo halionekani kwenye bili yoyote lakini huokoa maelfu kila siku. Ada za hospitali ya umma ni ndogo kuliko za binafsi kwa mbali, na SHA hukubalika. Ubaya wake ni foleni ya chumba cha upasuaji, na kwamba kifaa kimoja kikiharibika ratiba nzima husogea. Usiulize tu kama wana daktari wa ubongo na uti wa mgongo. Uliza kama hadubini ya upasuaji inafanya kazi kwa sasa, na kama yeye mwenyewe huutoa uvimbe wa ndani ya utando au huutuma Nairobi. Akisema hutuma, msipoteze wiki tatu mkingoja kitanda. Chukueni barua.

Nairobi kuna Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambako wagonjwa wa nchi nzima hukutana. Ujuzi upo, na hilo kwa ugonjwa adimu lina thamani kubwa: daktari aliyeutoa uvimbe huu mara nyingi ni bora kuliko wodi yenye mapazia mazuri. Foleni ni ndefu, na migomo haitabiriki. Ule wa madaktari wa mwaka 2024 ulidumu siku 56, kuanzia Machi hadi Mei. Hospitali hiyo ina pia wodi ya binafsi, ambako mgonjwa hulipa zaidi na kusogea haraka, mara nyingi mikononi mwa madaktari wale wale. Chaguo hili la kati husahaulika. Kwa familia yenye uwezo wa wastani ningeomba bei yake iandikwe kabla ya kuangalia hospitali yoyote ya kifahari.

Kisha kuna hospitali za kanisa, na hasa AIC Kijabe, iliyoanzishwa mwaka 1915 pale kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Kijabe imejijengea jina katika upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, na bei zake kwa kawaida hukaa katikati ya umma na binafsi. Kwa maoni yangu ndiyo thamani nzuri kuliko zote kwa mgonjwa asiye na dharura ambaye anaweza kusafiri. Gharama yake iliyofichika ni umbali. Mwenye kumuuguza atahitaji mahali pa kulala kwenye baridi ile, na hatakuwa na shangazi wa kumkaribisha chai.

Hospitali kubwa za binafsi, Aga Khan na Mombasa Hospital upande wa Pwani, au Aga Khan na Nairobi Hospital kule Nairobi, huuza muda. Unaweza kuonwa Jumatatu na kupasuliwa wiki ile ile. Bili huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi, na ikiingia skrubu za kushikilia pingili au siku kadhaa za chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) inaweza kupita milioni moja. Kwa mgonjwa ambaye miguu inalegea siku hadi siku na hospitali ya umma haina nafasi, muda huo una thamani ya pesa. Kwa mgonjwa mwenye maumivu tu, anayeweza kungoja wiki sita, hauna.

Watu wa Taita na Taveta hutazama pia ng'ambo ya mpaka. Kutoka Taveta hadi Moshi, Tanzania, ni kilomita zisizozidi 50, na hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, inajulikana Taveta kuliko hospitali nyingi za Nairobi. Kwa kilomita ni karibu kuliko Mombasa. Lakini SHA haikufuati kule, utalipa taslimu kama mgeni, na marudio ya kliniki yatakuwa safari ya mpakani kila mara. Kabla ya kuvuka mpaka pale Holili, pigeni simu muulize kama daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya fahamu yupo na ana nafasi. Kwa upande wa Tanzania kituo kikuu cha kazi hiyo ni taasisi ya mifupa ya MOI iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam, na huko ni mbali kuliko Nairobi.

Na India? Matangazo mengi ya mawakala hutaja upasuaji wa uvimbe wa mgongo kwa dola 5,000 hadi 10,000. Kwa dola inayobadilishwa kwa takriban Sh129, hiyo ni Sh645,000 hadi Sh1,290,000. Weka juu yake tiketi za watu wawili, viza, chumba cha wiki tatu, chakula, na skeni itakayorudiwa kule. Hospitali za kule ni nzuri, sibishi. Lakini uvimbe huu wa mzizi mmoja hutolewa hapa nchini, na SHA hufikiria matibabu ya nje kwa huduma zisizopatikana Kenya. Utalipa mwenyewe kwa kitu ambacho bima ingekusaidia nyumbani. Jeraha likianza kuvuja maji ya mgongo baada ya kurudi, aliyekupasua yuko bara jingine na wakala hapokei simu. Ningeitafuta India kwa uvimbe uliorudi, au mgumu kiasi kwamba madaktari wawili wa hapa wamesema hawataugusa. Vinginevyo pesa hiyo ibaki Taita.

Popote mtakapochagua, msilinganishe jumla ya chini ya karatasi. Linganisheni kilichomo. Hospitali moja inaweza kutaja bei ndogo kwa kuacha vitu ambavyo nyingine imevihesabu. Makadirio yaliyoandikwa yaonyeshe ada ya daktari wa upasuaji na msaidizi wake, ada ya daktari wa nusukaputi, chumba cha upasuaji, vifaa, siku za wodi, siku za ICU kama zinatarajiwa, damu, dawa, maabara na tiba ya viungo. Baraza linalosimamia madaktari lina kanuni za ada za mwaka 2016. Muulize daktari kama ada yake iko ndani ya kanuni hizo. Hakuna daktari mzuri atakayekasirika.

Kitu kinachopandisha bili kuliko kingine ni skrubu na vyuma vya kushikilia pingili. Uvimbe uliojibana ndani ya mfereji mara nyingi hauvihitaji. Uvimbe uliopenya tundu la pembeni ya pingili, ukawa na kichwa ndani na kichwa nje, unaweza kumlazimu daktari kuondoa kiungo cha mfupa, na hapo mgongo usiposhikiliwa utayumba. Kwa hiyo swali ni moja: uvimbe wangu umekaa vipi hata unahitaji vyuma? Jibu lionyeshwe kwenye picha. Daktari mmoja akitaka vyuma na mwingine asivitake, maoni ya tatu ni rahisi kuliko vyuma visivyohitajika.

Kuna kifaa cha kufuatilia kazi ya neva wakati wa upasuaji, nacho hulipiwa zaidi. Kama uvimbe uko shingoni au kifuani, ukigusa uzi mkuu, ningelipa bila kusita mahali kinapopatikana. Kwa uvimbe mdogo kwenye mzizi mmoja chini ya kiuno, daktari mzoefu mwenye hadubini anaweza kufanya kazi nzuri bila hicho. Hadubini yenyewe sikubali ikosekane.

Halafu maabara ya patholojia. Nimeiweka peke yake kwa sababu huangushwa kirahisi mno. Baada ya bili kubwa kulipwa, familia huambiwa kuna ada nyingine ndogo ya kupima kipande kilichotolewa, na wakati huo wameishiwa, mgonjwa anaendelea vizuri, wanaona hakuna haja. Haja ipo. Bila majibu hayo hakuna anayejua kama ulikuwa shwanoma, nyurofibroma, au ule wa nadra zaidi ambao ni saratani na unahitaji mpango mwingine kabisa. Ada hiyo iingizwe kwenye makadirio tangu mwanzo, na nakala ya majibu iwekwe nyumbani.

Sasa SHA. Mamlaka hiyo ilichukua nafasi ya NHIF, iliyokuwapo tangu 1966, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, hivyo anayepata Sh40,000 hukatwa Sh1,100 kwa mwezi. Mkulima wa kabeji na nyanya wa Werugha hupimwa uwezo wake kwa maswali, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka, ambazo hulipwa kwa mwaka mzima kwa pamoja. Kusajiliwa ni kwa *147#, lakini kusajiliwa si kulipa. Wengi hugundua tofauti hiyo wakiwa dirishani hospitalini. Ukilinganisha Sh3,600 na bili ya upasuaji, hakuna manunuzi mengine katika ulinganisho huu wote yanayorudisha faida kubwa kiasi hicho, na kwa asiyeweza kutoa zote kwa mpigo upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole.

Bima haimalizi bili yote. Hulipa kiwango kilichowekwa kwa kila huduma, na upasuaji wa aina hii huhitaji idhini yao kabla ya kufanyika. Muulizeni afisa wa bima wa hospitali maswali haya, na majibu yaandikwe: upasuaji wangu unaombewa idhini chini ya kifurushi gani, SHA italipa kiasi gani, na tofauti itakayobaki juu yangu ni kiasi gani? Msikubali kudhani kwamba fungu la saratani litatumika kwa sababu neno uvimbe limetajwa. Shwanoma si saratani, na njia yake kwa kawaida ni ile ya upasuaji. Asiyeweza kulipa tofauti katika hospitali ya umma aombe kuonana na idara ya ustawi wa jamii kabla ya upasuaji, akiwa na barua ya chifu. Baada ya bili kutoka, mazungumzo huwa magumu zaidi.

Haki za mnunuzi zinamfuata mgonjwa hadi kitandani. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtumiaji wa huduma haki ya ubora unaofaa na ya kupewa maelezo. Ibara ya 43 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Mkataba wa haki za wagonjwa wa mwaka 2013 unataja haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Na mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya kina mama wa hospitali ya uzazi ya Pumwani, kwamba kuwazuilia wagonjwa hospitalini kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba.

Gharama za baadaye hazipigiwi harambee, lakini zipo. Kurudi nyumbani kutoka Nairobi, treni hadi Voi ni bora kuliko basi kwa mtu mwenye mshono mgongoni, kwani anaweza kusimama na kunyoosha miguu. Tangu Januari 2024 nauli ya Nairobi hadi Mombasa ni Sh1,500 daraja la kawaida na Sh4,500 daraja la kwanza, na ya kushukia Voi ni pungufu. Kutoka Voi hadi milimani kodisheni gari dogo. Bodaboda ni marufuku. Mshono unaweza kutolewa Wesu au kwenye kituo cha Werugha, hakuna haja ya kurudi Nairobi kwa kazi ya dakika kumi, mradi daktari ameandika. MRI ya marudio baada ya miezi kadhaa ifanyiwe Mombasa, na daktari aulizwe mapema kama atakubali kuzisoma picha bila mgonjwa kusafiri.

Kwa mkulima, gharama kubwa ya baadaye ni miezi mitatu bila kuinamia jembe, bila kubeba ndoo ya maji wala gunia la mboga kupanda mlima. Kazi nyepesi inaweza kuanza baada ya wiki nne hadi sita. Kibarua wa kuchukua nafasi yake ahesabiwe kwenye bajeti, maana asipokuwapo mgonjwa atarudi shambani mapema, na mgongo ambao haujapona hulipiwa mara ya pili.

Hukumu yangu kwa mtu wa Werugha ni hii. Lipa SHA ya mwaka kabla hujaugua. Chukua rufaa, piga MRI moja kamili yenye gadolini Mombasa, na peleka CD kwa madaktari wawili wa upasuaji. Kama unaweza kungoja, Coast General iwe ya kwanza ikiwa inafanya upasuaji huo, kisha Kijabe au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na wodi ya binafsi ya hospitali hiyo ya kitaifa kabla ya hospitali za kifahari. Na wazee wa ukoo, nawasihi: shamba lisiuzwe wala kuwekwa rehani kabla ya kuwa na makadirio mawili yaliyoandikwa na jibu la SHA mezani. Nimeona harambee ikipigwa kwa ajili ya India wakati hakuna aliyekuwa ameuliza bei ya Mombasa.

Foleni na ulinganisho vina kikomo kimoja. Mgonjwa akishindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, akipata ganzi kwenye mapaja ya ndani na sehemu za siri, au miguu ikilegea ghafla, hiyo ni dharura ya saa, si ya wiki. Msingoje Jumatatu wala barua. Mfikisheni Voi usiku huo huo, mwambieni daktari maneno hayo hayo, na mdai apelekwe kwa gari la wagonjwa mahali penye daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo.